Aliyejibu kwa Jina la Repo

Båtsfjord, Norwe
8 Oktoba 2000

Kwako mdogo wangu Marketta,

Ni matumaini yangu wewe na Mama mko salama huko nyumbani Oulu, na kwamba paa la sauna halijaanza kuvuja tena. Mimi mzima. Kiwandani tunakata minofu ya chewa kutwa nzima, na nikirudi bwenini vidole havikunjiki mpaka nivitumbukize kwenye maji ya moto. Chumbani tuko watatu: mimi, Mtamili mmoja mpole aitwaye Sivarajah, na mzee wa kwetu wa Kemijärvi ambaye tangu nifike hajanisemesha zaidi ya neno "huenda", na hata hilo alikuwa analiambia dirisha.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Pesonen, mwenzangu wa mtandaoni anayeniita kwa jina langu la huko, amenitumia kadi ya posta: "Repo, umetoka kwenye chaneli tangu Alhamisi ya juzi. Umekufa, au?" Kwa hiyo ile kompyuta niliyoiacha chini ya ngazi imezimika. Marketta, niambie kweli, uliichomoa?

Najua hujali irki, soga zetu za kuandikiana mtandaoni. Najua unaiita kupiga soga na mizimu. Lakini chaneli ya #terva niliianzisha mimi mwaka 1993, na kwenye mtandao wetu jina halina hati miliki. Ukitoka, anayelitaka jina lako analichukua, na ile alama ya @ inayokufanya mkuu wa chaneli inakuondoka. Pesonen anayo bado, na amesema atanirudishia, ila nirudi nikae.

Nataka uniwekee baunsa. Ni programu inayokaa kwenye irki kwa jina langu usiku na mchana, inapokea yote yanayosemwa na kunihifadhia ujumbe wa faragha. Mimi nikija kuunganisha kutoka popote, inanikabidhi kila kitu. Wengine wanaona "repo" yupo, basi. Hapa bwenini hakuna laini ya kuunganisha kompyuta, na maktaba wameziachia shule mashine zao. Majira ya kuchipua nitanunua kompyuta ya mkononi. Mpaka hapo, jina langu lisipotee.

Simu unajua mwenyewe: tukipigiana tunanyamaza wote wawili mpaka sarafu zinaisha. Niandikie.

Kaka yako,
Reino


Oulu, Raksila
22 Oktoba 2000

Kaka Reino,

Salamu zako zimefika, na Mama anakurudishia zake, ingawa alidhani zinatoka kwa baba. Nilimwambia baba amekufa, akasema "najua, ndiyo maana nashangaa ameandika." Siku nyingine yuko hivyo, siku nyingine anafumbua mafumbo yote ya gazeti kabla sijamaliza kahawa. Paa linavuja.

Ndiyo, niliichomoa. Nilitaka kufyonza vumbi kwa mashine chini ya ngazi na plagi ni moja. Uliacha mashine inayonguruma nyumbani kwa watu bila hata karatasi ya kusema usiniguse. Mimi natoka jikoni shuleni saa nane na nusu mchana nikiwa nimepakua viazi vya watoto mia tatu, nafika hapa nambadilisha Mama shuka, halafu nianze kusimika baunsa? Nilimweleza Mama. Akauliza kama atasimama mlangoni na kama anakula sana.

Barua kurasa mbili, Reino. Paa umeliuliza. Pesonen umemtaja. Ilari hujamtaja. Mwanao hana hata nusu mstari.

Tuma hayo maelekezo. Sijaahidi kitu.

Marketta


Båtsfjord
5 Novemba 2000

Mdogo wangu Marketta,

Habari za Mama zimenichekesha na kuniuma kwa pamoja. Mbusu kwenye paji la uso. Huku jua limebaki la kuchungulia tu. Sivarajah ananifundisha kupika mchuzi wake wa pilipili na mimi nimemwonjesha lakiritsi yetu, ile pipi nyeusi ya chumvi. Aliitema kwenye sinki akaniuliza nimemkosea nini.

Maelekezo yako kwenye karatasi ya pili. Yafuate kama yalivyo, pamoja na nukta na mikwaju. Kwa ufupi: utawasha skrini na kuingia kwa jina langu. Faili la baunsa nilikwisha kulipakua kabla sijaondoka, liko kwenye folda ya "tavara". Utalifungua, utaandika amri ya kulijenga, na mistari itapita kwa dakika kadhaa, usiogope. Kisha utafungua faili la mipangilio na kuandika namba ya mlango ambao baunsa atasikiliza, jina "repo", neno la siri, na seva nilizoziorodhesha. Tatu, siyo moja, ili ya kwanza ikianguka aende ya pili. Mwisho kuna mstari wa kuifanya mashine imwamshe yenyewe umeme ukikatika. Huo ndio muhimu kuliko yote, kwa sababu wewe na plagi nawajua.

Neno la siri ni jina la mbwa wetu wa kwanza, herufi ndogo.

Ukitaka kuhakikisha anafanya kazi, karatasi inaeleza jinsi ya kujiunga naye mwenyewe, kusoma ujumbe wa faragha aliohifadhi, na kuufuta. Usijisumbue kusoma. Ni Pesonen na vichekesho vyake.

Kuhusu ulilouliza mwishoni, sina la kusema.

Reino


Oulu
26 Novemba 2000

Kaka,

Hatujambo, ila Mama ana kikohozi. Theluji imeanguka na kuyeyuka na kuganda, barabara yote ni kioo. Nimemkataza kutoka nje, naye kanijibu kwamba alikuwa anatembea kwenye barafu kabla mimi sijazaliwa.

Baunsa wako amesimama. Imenichukua Jumapili mbili. Ya kwanza niliandika kila kitu sawasawa na mashine ikanijibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Nikampigia Pesonen.

"Uko kwenye folda gani?" akaniuliza.

"Niko chini ya ngazi."

"Marketta. Mashine iko folda gani?"

"Nitajuaje? Haina dirisha!"

Mzee wa watu alicheka mpaka akakohoa. Tulikaa kwenye simu saa nzima, yeye anasema, mimi nabonyeza, Mama anauliza kutoka chumbani nani amekufa. Kumbe kwenye karatasi yako mkwaju mmoja ulikuwa umeelemea upande usio wake. Mmoja! Jumapili ya pili tulimaliza mipangilio, na Pesonen akapaza sauti: "Repo kaingia!" Akakupa ile @ yako hapo hapo. Nitakuwa mkweli, nilijisikia vizuri. Nilimkatia Mama jibini ya kuoka tukaila na kahawa kama siku ya sherehe.

Pesonen aliniambia na jambo jingine. Kwenye orodha ya waliopigwa marufuku #terva kuna watu wawili. Mmoja ni mtangazaji wa picha chafu. Wa pili ni "ilu". Nilimuuliza ilu ni nani, akasema, "Marketta, ilu ni Ilari."

Ulimfungia mwanao mlango mbele ya watu arobaini?

Krismasi unakuja lini? Nijue niagize nyama kiasi gani.

Marketta


Båtsfjord
14 Desemba 2000

Mdogo wangu,

Umefanya kazi nzuri, tena sana. Mafundi wa kompyuta tuliokuwa nao kwenye kazi yangu ya zamani wangeshindwa. Namshukuru na Pesonen. Mpe Mama asali kwenye maziwa ya moto.

Krismasi siji. Kiwanda kinawapa zamu za sikukuu wasio na familia, na nimezichukua. Nimewatumia samaki mkavu, mloweke siku mbili zaidi ya unavyodhani inatosha.

Ile marufuku usiiguse. Una uwezo wa kuiondoa sasa maana uko kwa jina langu, ndiyo maana nasema. Usiiguse.

Reino


Oulu
20 Januari 2001

Kaka Reino,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Sikuandika kwa sababu siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Krismasi, Mama alitoka kwenda kuwapa ndege mbegu, akateleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Yuko hospitali. Amepasuliwa na anaendelea, anawatukana wauguzi kwa adabu. Nakwenda kila siku baada ya kazi. Sikukupigia simu. "Wasio na familia" niliisoma mara mbili, nikaona isije ikawa nawasumbua watu wasiohusika.

Samaki wako aliloa siku nne na bado alikuwa kiatu.

Baunsa anafanya kazi. Huwa namwangalia nikirudi, dakika chache.

Nina maswali mawili. Mama ndiye anayeuliza, anakumbuka mambo ya zamani akiwa kitandani. Ulikuwa unamwita Ilari jina gani alipokuwa mdogo? Na ule msimu mliokwenda kuvua kwenye barafu ya mto Iijoki, ilikuwaje? Nijibu kwa urefu. Mama anapenda habari ndefu.

Marketta


Båtsfjord
4 Februari 2001

Marketta,

Ungenipigia. Kuna simu kwenye korido, na mimi nina miguu. Nimekaa na barua yako mapumziko yote ya mchana, Sivarajah akaja akaniwekea mkono begani bila kuuliza. Mwambie Mama nampenda. Ukiona aibu kusema hivyo, msomee tu mstari huu.

Kuhusu swali lake. Nilikuwa namwita Kiiski, kile kisamaki cha miiba ambacho huwezi kukishika kokote bila kukuchoma. Alikuwa na miaka minne na kila ulichomwambia alikurudishia swali. Iijoki ilikuwa Machi, ana miaka saba. Alidondosha glavu zake kwenye tundu la barafu, zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa sababu alitaka kuona kama ya pili itaifuata ya kwanza. Nilimvalisha zangu, zikamfika viwikoni. Tukarudi kilomita tatu kwa miguu, mikono yangu mitupu, nikimwambia sisikii baridi. Njia nzima alinisimulia jinsi glavu zake zinavyoogelea kuelekea baharini. Vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo havina hisia nzuri. Kwenye mkanda wa kiwandani unaopitisha chewa hilo ni msaada.

Sijui kwa nini nimeandika yote haya. Msomee Mama.

Reino


Oulu
25 Februari 2001

Kaka,

Mama amerudi nyumbani na kitembezi. Amekipachika jina la waziri mmoja kwa sababu, anasema, kinakwenda pale tu unapokisukuma. Anakula vizuri. Nimempikia rössypottu, mchuzi wetu wa viazi na soseji ya damu, akamaliza sahani.

Barua yako ilikuwa nzuri. Ni nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia.

Sasa nakuuliza mimi, siyo Mama. Juhannus ya mwaka juzi, usiku wa sherehe ya katikati ya kiangazi, kwenye kibanda cha Iijoki. Nilikuwepo, nilikuwa nageuza soseji kwenye moto. Niliona Ilari alivyokuambia kwamba ameacha uhandisi anakwenda kusomea uuguzi, nikaona ulivyonyanyuka. Nilisikia ulichomwambia mbele ya yule msichana wake, Sanna: "Wewe si mwanangu, wewe ni mtoto wa mama yako Tuula." Niliona kofi ulilompiga. Jumatatu yake ukamfungia na chaneli.

Ulikuwa umepoteza kazi wiki mbili kabla. Ulikuwa umelewa. Hayo nayajua. Nisichokijua ni kama unajuta. Niambie, mstari mmoja unatosha.

Marketta


Båtsfjord
15 Machi 2001

Marketta,

Nafurahi Mama amerudi. Huku theluji inafika madirishani. Kiwanda kimeongeza zamu maana chewa wamekuja kutaga.

Kompyuta ya mkononi nimeiagiza kutoka Vadsø. Itaunganishwa na simu ya mkononi, polepole, lakini itatosha.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na maswali yasiyokuhusu.

Reino


Oulu
8 Aprili 2001

Kaka,

Mama anakusalimu. Anatembea mpaka jikoni.

Tarehe 24 Machi Ilari na Sanna wamepata mtoto wa kike huko Kajaani. Anaitwa Aava. Kilo tatu na gramu mia nne. Umekuwa babu.

Marketta


Båtsfjord
19 Aprili 2001

Mdogo wangu,

Habari hiyo umeipata wapi? Amekuandikia? Amekupigia? Mtoto ana nywele?

Nilimwambia Sivarajah, naye akawaambia wote, na kiwanda kizima kimenipa mkono. Mzee wa Kemijärvi alisema "hongera." Nilisimama pale kwenye mkanda na aproni yangu na sikujua niuweke wapi uso.

Mwambie Ilari. Hapana, usimwambie kitu. Kompyuta imefika. Nikishaiweka sawa nitaingia mwenyewe.

Reino


Båtsfjord
6 Mei 2001

Marketta,

Salamu leo sina.

Jana nilifaulu kuunganisha. Baunsa wako alinipokea vizuri, akaniambia kuna ujumbe wa faragha wa siku tisa, nikaandika amri ya kuusoma. Nilitegemea Pesonen. Nanakili baadhi tu ya nilichokiona:

"Baba, Aava amecheka leo. Sanna anasema ni gesi. Mimi nasema amecheka."

"Baba, nimesoma tena ulichoandika kuhusu Juhannus. Nimemsomea Sanna. Alilia, na wewe unajua Sanna hakupendi."

"Baba, kimya sana wiki hii. U mzima? Tunangojea Juni."

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani mtu ameliiba jina langu. Mara ya pili nikaona "Kiiski" mahali, nikaona glavu, nikajua ni nani. Niliyokuandikia kwa ajili ya Mama!

Umeomba radhi kwa jina langu. Umemwahidi mwanangu kwamba nakwenda Kajaani mwezi Juni. Kuna mtu mahali fulani anaitwa mimi, anapendwa, na sijawahi kukutana naye.

Nilimjibu. Niliandika: "Aliyekuwa anakujibu si mimi. Mimi sijaomba radhi. Muulize shangazi yako." Nikabonyeza. Alikuwa hapo hapo kwenye mashine yake, maana jibu lilikuja mara moja. "Sawa." Neno moja. Kisha akatoka, na jina "ilu" halijaonekana tena.

Reino


Oulu
13 Mei 2001

Reino,

Mama ana nimonia. Ndiyo sababu ya zile siku tisa: nilikuwa hospitali, sikuwa chini ya ngazi. Kama angekuwa mzima ungekuta baunsa ni mtupu, kwa sababu kila siku nilisoma, nikajibu, nikafuta. Nakuambia ili ujue kwamba sijutii ninachokiri. Najutia wiki ile moja.

Sasa sikiliza, maana sitaandika mara mbili.

Tarehe tatu Januari, Mama ana siku nane hospitali, nilirudi nikawasha skrini ili kuangalia kama baunsa yuko. Kulikuwa na ujumbe. "Baba, naona jina lako liko hapa siku zote. Tunategemea mtoto Machi. Huna haja ya kujibu." Marufuku ilimfungia chaneli tu, haikumzuia kuona jina lako wala kukuandikia faraghani, naye alidhani uko pale. Mwezi mzima na zaidi alikuwa ameona jina lako linawaka, akadhani baba yake yupo, amekaa, anamwona na hamsemeshi. Wewe ulitaka jina lisipotee. Hukufikiria nani analitazama.

Nilitaka kuandika "mimi ni shangazi." Niliiandika hata. Halafu nikaona atajibu "samahani, shangazi," na kufunga, na hatarudi. Nikaifuta. Nikaandika: "Nipo." Neno moja tu, na nilikuwa na koti bado mwilini.

Akajibu, "Kweli ni wewe? Ulikuwa unaniita nani?" Nikamwambia lazima niondoke, nitajibu siku nyingine. Ndipo nilipokuandikia yale maswali. Februari nikamjibu Kiiski, na glavu, neno kwa neno kama ulivyoandika. Akauliza kama vidole vyako vimepona.

Marufuku niliiondoa siku hiyo hiyo.

Kuhusu Juhannus nilikuuliza. Shahidi ni barua yako mwenyewe. Nilikuomba mstari mmoja wa kujuta ili nimpelekee wa kweli, ukaniambia hayanihusu. Kwa hiyo nikamwandikia wa kwangu. Niliandika kile ambacho mtu mwenye akili angesema, na kilimfanya kijana alale vizuri kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Wewe kwa mistari mitatu umemwamsha.

Ungeweza kunyamaza. Miaka yote ndicho unachokiweza.

Marketta


Båtsfjord
10 Juni 2001

Mdogo wangu Marketta,

Nilipiga simu hospitali, wakaniambia Mama amepata nafuu na amerudishwa nyumbani. Nashukuru. Nilikwambia simu ninaiweza, na kweli nimeiweza, ingawa siyo kwako.

Sivarajah ameondoka, amepata kazi Oslo. Chumbani nimebaki na mzee wa Kemijärvi. Jumapili nilimsimulia yote, kutoka mwanzo. Sikujua nimsimulie nani mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe ulikuwa unajuta au hujuti?"

Nikamwambia ninajuta tangu kofi lilipokuwa bado hewani.

"Basi dada yako hakudanganya," akasema. "Alitangulia tu."

Nimekaa na kompyuta siku nne mfululizo baada ya zamu. Nimeandika "Ilari" na alama ya mkato. Baada ya mkato hakuna kitu. Nikiandika "nisamehe" naona ni neno la kadi ya dukani. Nikieleza habari za kazi niliyopoteza, inakuwa ni kujitetea. Nimewahi kuandika programu za mistari elfu kumi, Marketta.

Nakuomba kitu kimoja. Nitumie ulichomwandikia kuhusu Juhannus. Nataka nione niliomba radhi vipi.

Na kama unajua anwani yake, nipe.

Kaka yako,
Reino


Oulu
30 Juni 2001

Kaka Reino,

Sisi tupo. Mama anakaa uani kwenye jua na blanketi miguuni, hamsemeshi mtu asubuhi, mchana anaimba. Daktari anasema mapafu yamepona na mengine tusitegemee. Paa nimelitengenezesha.

Ilari amekuja. Jumamosi iliyopita, Juhannus yenyewe. Hakupiga simu kabla. Alisimama mlangoni na mtoto kifuani, Sanna alibaki garini. Nikamwambia karibu ndani, kahawa iko motoni. Aliingia, hakuvua viatu. Mtoto wa nyumba hii, Reino, aliyelelewa hapa, alikanyaga zulia la Mama na viatu.

"Nimekuja Bibi amwone," akasema. "Siyo wewe."

Nikampeleka uani. Mama alimpokea Aava kama amekuwa akimngoja, akamkagua vidole kimoja kimoja, akasema, "Huyu ni wetu." Alimshika labda dakika kumi. Halafu Ilari akamchukua, na tukabaki wawili kwenye korido, karibu na ngazi.

Nikamwambia, "Nilitaka kukusaidia."

"Ulinifanya nilie mbele ya skrini, shangazi. Mtu mzima."

"Yale maneno nilidhani ndiyo anayotaka kusema, ila hawezi."

"Hukujua anataka kusema nini. Mimi pia sikujua. Miaka miwili nilikuwa na baba mkali aliyenyamaza, na huyo nilimzoea. Wewe ukanipa mwingine, nikamzoea huyo pia, nikamsimulia mambo ambayo hata Sanna hajui. Sasa sina hata mmoja." Mtoto alianza kulia, akambembeleza kidogo. "Yeye angalau alinyamaza kwa jina lake."

Nikampisha apite.

Alipofika mlangoni nilimwambia umeniandikia, na kwamba umeomba anwani. Alifikiri. Akasema usipewe. Akasema irki ameiacha kabisa, hata kwenye mashine ameifuta, kwa hiyo usimngojee #terva. Sikumwomba anisamehe mimi. Nilitaka, lakini nilisikia sauti yangu ingekuwa ile ile niliyomwandikia kwa jina lako, na angeitambua.

Nilichoandika kuhusu Juhannus sikupi. Kwanza nilikifuta, na pili, hata ningekuwa nacho nisingekupa. Ungekinakili, nakujua, ungebadilisha maneno mawili na kuweka nukta mahali pake. Na yeye amekwisha kukisoma, amekwisha kukililia, hawezi kukisoma tena. Andika chako. Kiwe kibaya, kiwe kifupi, kiwe na makosa ya tahajia.

Anwani ninayo lakini nimekatazwa, na safari hii nitatii. Ukimaliza, weka kwenye bahasha, ifunge, andika juu yake "Ilari", uiingize kwenye bahasha nyingine unitumie mimi. Nitaandika mtaa na namba, nitabandika stempu, nitaipeleka posta ya Raksila kwa miguu.

Sitaifungua. Nakuahidi sitaifungua, na sitakuuliza umeandika nini.

Dada yako,
Marketta